Kura ya Soko la Mtonijuu

Mwatum alikuwa akichambua dagaa, vichwa vilivyovunjika akivitenga pembeni, Mzee Jecha alipofika na baiskeli yake na mapakacha mawili ya ndimu. Alitandika gunia chini, mbele ya meza ya Mwatum, pale alipokaa miaka kumi na mmoja, akaanza kupanga ndimu mafungu ya tano tano.

"Leo ndiyo siku yenyewe," alisema.

"Ndiyo leo, mzee wangu."

"Na mie nitie karatasi gani? Kusoma kwangu wakujua."

Mji wa Mtonijuu, huko kusini mwa Pemba, ni mdogo, na soko lake ni dogo zaidi. Miaka yote ushuru ulipanda kwa amri. Safari hii baraza la mji lilitangaza kwamba wafanyabiashara wenyewe watapiga kura: karatasi nyeupe kukubali ushuru upande, ya buluu kukataa. Wakikubali, watapata gari la taka, mfereji wa maji safi ya bomba, na mtaro utazibuliwa.

Mtaro huo ulipita nyuma ya meza ya Mwatum. Masika yaliyopita ulifurika maji meusi mpaka kisimani. Yumna, bintiye wa miaka kumi na tisa, alikuwa akiuza naye pale mezani. Jumanne alikunywa maji ya kisima kile, Alkhamisi wakamzika. Watu wanne wa soko walikufa wiki hiyo moja kwa kipindupindu. Kisima kilifunikwa mbao. Mtaro ukaachwa vilevile.

Wiki iliyopita Ishak, afisa wa baraza, alikuja nyumbani kwake. Alivua viatu mlangoni, akakaa mkekani, akampa pole ya mtoto upya kana kwamba msiba ulikuwa wa jana. Kisha akamwomba aseme maneno mawili siku ya kura.

"Mimi nikisema, watu wataona natetea ofisi yangu. Wewe, Bi Mwatum, watakusikia."

"Na hawa wanaotandika chini?" Mwatum aliuliza. "Wao hutoa mia tatu kwa siku, na hiyo yenyewe kwa tabu."

"Wadogo hawataguswa sana. Nakuahidi."

Kwa hiyo Mwatum aliinama juu ya meza, akamwambia Jecha kwa sauti ya chini, "Tia nyeupe."

"Basi ntatia nyeupe," Jecha alisema, akaendelea na ndimu zake.

Saa nne watu walikusanyika chini ya bati la soko. Sheha, kiongozi wa mtaa, aliketi kando ya sanduku lenye kufuli. Zubeir, mchuuzi wa samaki kutoka Makoongwe, alisimama wa kwanza, magamba yamemkaukia mikononi.

"Siye hatukatai maji," alisema. "Tunauliza tu. Ushuru tunatoa kila siku, na mtaro huo hapo. Pesa za mwanzo zimekwenda wapi?"

Ishak alikishika kipaza sauti. "Swali zuri. Litajibiwa kwa maandishi."

Watu waliguna. Wengine walianza kugeuka kurudi kwenye biashara zao. Hapo ndipo Ishak alipomwita Mwatum.

Hakuwa amejitayarisha. Alisema jina la mwanawe. Akasema namna Yumna alivyokuwa akiomba maji siku ile ya mwisho, na yeye mama mtu akaogopa kumpa, kwa kuwa maji yaliyokuwamo ndani ya nyumba ni yale yale. "Nataka mfereji," alimaliza. "Sitaki mwengine akae na mtoto wake vile." Zubeir alivua kofia yake.

Kura zilipohesabiwa, nyeupe zilikuwa tisini na nne, za buluu themanini na saba.

Ishak alipiga makofi, akakunjua karatasi na kusoma viwango. Kila sehemu ya biashara, iwe meza, iwe chini, itatoa elfu moja na mia tano kwa siku, kuanzia mchana huo. Mwaka wa kwanza fedha zitakarabati ofisi ya ushuru na kununua mashine za risiti. Mtaro na maji vitafuata mwaka wa pili, inshaallah, bajeti ikiruhusu.

Mwatum alimkuta akikunja waya wa kipaza sauti.

"Uliniambia wadogo hawaguswi."

"Nilisema hawataguswa sana. Karatasi ilipanda kwa wakubwa, ikashuka hivi. Na mashine yenyewe haina bei mbili, Bi Mwatum." Alionyesha ubao wa matangazo. "Ilibandikwa pale siku tatu. Kila mtu alikuwa na nafasi ya kusoma."

Aliporudi mezani, Jecha alikuwa akirudisha ndimu kwenye pakacha, moja moja. Alikuwa ameuza mafungu matatu.

"Kaa, mzee wangu. Ya leo ntakutolea mie."

"Na ya kesho?"

Mwatum aliokota ndimu iliyobiringika chini ya meza, akampa.

"Mie huuza elfu nne siku nzuri," Jecha alisema. "Nikitoa hiyo yao, na mwenye shamba nimpe chake, n'narudi na nini?" Alikung'uta gunia, akalikunja mara nne. "Ntazungusha majumbani, miguu ikinikubalia."

"Mie ndiye niliyekwambia utie nyeupe."

"Weye ulisema kweli yako. Na mie sikutia kwa ajili ya mfereji. Nilitia kwa ajili ya Yumna. Alikuwa akinichambulia ndimu mbovu kila asubuhi, macho yangu hayaoni vyema." Alifunga mapakacha kwa kamba ya mpira, akayatikisa kuona kama yameshika. "Usilie hapa, mwanangu. Wateja watakukimbia."

Aliisukuma baiskeli polepole katikati ya meza, akisalimia huku na huku. Mwatum alimtazama mpaka alipokata kona penye duka la mafuta ya taa, kisha akatazama pale chini. Saruji ilikuwa safi kwa ukubwa wa gunia, na pembeni nyeusi.

Jioni Ishak alikuja tena, na tabasamu.

"Umetusaidia sana, Bi Mwatum. Jumatatu watu wa soko la kijiji jirani nao wanapiga kura. Tutakupitia na gari, useme vile vile ulivyosema leo."

"Ntakuja," Mwatum alisema. "Ntasema la Yumna. Kisha ntasema na la Mzee Jecha."

Ishak aliitazama simu yake, akaigeuza, akaitia mfukoni.

"Basi tutaona kama kutakuwa na nafasi garini."

Jumatatu Mwatum alivaa baibui lake zuri, akakaa mezani akisubiri. Saa tatu gari la baraza lilipita mbele ya soko, viti vya nyuma vitupu, halikupunguza mwendo.