Kisima Kilichokataa Hesabu

Ofisini kwa wapimaji wa maji ya ardhini walimwita Mama Kinyumenyume, na mwenyewe hakununa. Wenzake walianza na udongo ndipo wakisie maji yatapita wapi. Yeye alianza na maji yaliyopimwa visimani, akarudi nyuma na kompyuta yake mpaka ajue chini kuna udongo gani. Kuona usichokiona, jamani! Mhandisi wa meza ya pili alimhusudu, wala hakuficha.

Safari hii mhandisi alikuwa na lake moyoni. Mji ulitaka kuchimba kisima kikubwa, na hesabu ndiyo ingesema kama kitakausha visima vifupi vya mtaa wa bondeni. Mama mkwe wake aliishi huko, na kisima chake uani.

Maji ya visima vyote yalilingana na hesabu ya kompyuta isipokuwa ya kimoja cha shuleni, kibishi ajabu. Mhandisi akakizungushia kwenye ramani kiraka cha udongo wa mfinyanzi, usiopitisha maji. Papo hapo hesabu ikanyooka.

"Tumemaliza, mama! Bondeni salama."

Mama Kinyumenyume akacheka kwa upole. "Hapo umekishonea kisima nguo, mwanangu, mwili hujaupima. Nani kakwambia pana mfinyanzi?"

"Hakuna mtu. Lakini hesabu imekubali."

"Ukiibana itakubali lolote. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Toa kiraka."

Kutwa nzima Mama Kinyumenyume akawa analegeza udongo wa kwenye kompyuta huku, anakaza kule, kile kibishi akikisikiliza kuliko vyote, hadi kwenye kioo ukatokea mkanda mrefu wa changarawe, unaopitisha maji upesi: mto wa kale uliofukiwa. Ulitoka palipopangwa kisima kipya, ukapita shuleni, ukashuka moja kwa moja bondeni. Wachimbaji wakatoboa tundu pale alipoonyesha kwa kidole, wakatoa changarawe tupu. Mhandisi alimwonea fahari mama huyo, kisha akaingiwa na hofu: kisima kipya kingevuta maji ya bondeni kupitia mkanda huo. Kiraka chake kingeficha hayo na kuukausha mtaa mzima.

Kisima kikubwa kikahamishiwa ng'ambo ya kilima. Mhandisi akampigia simu mama mkwe wake kwa furaha.

"Shikamoo mama. Kisima chenu hakitakauka!"

"Marahaba, baba. Kwani nani alisema kitakauka? Hebu ngoja, ndoo imejaa."

Mhandisi akamtazama Mama Kinyumenyume, aliyekuwa akifunga mkoba aende zake nyumbani, akajua hakuna hata mmoja kule bondeni atakayemshukuru. Akangoja ndoo ishushwe.