Mwanagenzi Mwenye Mvi

Mkanda wa kinu cha pili ulianza kulia saa nne asubuhi, na Liberatus Kalinga, meneja wa kiwanda, akajua kinachouma kabla hajainua kichwa. Ilikuwa beringi ya chini, upande wa kushoto, iliyokaukiwa grisi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameishi na mashine za kukobolea mpunga kama mtu anavyoishi na wanawe. Alizitambua kwa kikohozi. Alivua koti, akaanza kukunja mikono ya shati. Mkono wa kwanza ulikuwa umefika kwenye kiwiko pale Meneja Mkuu, Asukile Mwaipopo, alipomshika bega.

"Usiguse."

"Ni nusu saa tu, Mzee. Najua ilipo."

"Najua kwamba unajua. Ndiyo maana nakwambia usiguse."

Wakasimama bega kwa bega kama wageni waliokuja kutazama kiwanda. Mafundi watatu waliizunguka mashine, wakafungua pasipofunguliwa, wakagombana, wakafunga, wakafungua tena. Nje wakulima wa Ubaruku walikuwa wamekalia magunia yao wakipiga miayo. Saa sita mkanda ukakatika. Kalinga alihisi kama aliyekatika ni yeye.

Walipofika ofisini, Asukile aliketi, akakohoa kwenye leso kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Ulipokuwa unaiangalia ile beringi, uliona nini kingine?"

"Sikuona kingine."

"Basi asubuhi yote imepotea bure. Kesho tutarudia."

Hiyo ilikuwa Juni ya mwaka 1976, wiki ya pili ya uanagenzi wake. Shirika la mpunga lililomiliki kiwanda hicho na mashamba yaliyokizunguka lilikuwa limeamua kwamba halitapeleka tena wakubwa wake vyuoni ughaibuni, wakarudi na suti na maneno mapya. Mameneja waandamizi wangefundishwa kazini, miezi kumi na minane, kila mmoja chini ya mkuu wake, mpaka waache kuwa watu wa kuzima moto wa leo na wawe watu wa kuiona miaka kumi ijayo. Waraka uliotoka makao makuu uliwaita wanagenzi. Kalinga alikuwa na miaka arobaini na saba na mvi masikioni. Makarani walilipenda sana neno lile. Alipopita ukumbini alisikia likinong'onwa, na kicheko kikifuata nyuma yake kama harufu.

Kila mwanagenzi alipewa tatizo moja la kweli la kulifanyia kazi. La Kalinga liliitwa Shamba la Tatu. Shirika lilitaka kulima mbuga yote iliyokuwa chini ya mfereji mkuu, mahali palipokuwa na nyasi, matope na mifugo ya Wasukuma waliohamia Usangu kutoka kaskazini. Alitakiwa aandike namna shamba hilo litakavyoendeshwa.

Asukile hakumfundisha kama mwalimu. Alikuwa mtu mkavu, mwenye haraka, aliyebakiza mwaka mmoja na ushei kustaafu na asiyejali kupendwa. Alimnyang'anya Kalinga funguo za stoo ya vipuri. Alimkataza kuingia kinuni kabla ya saa saba mchana. Kila asubuhi alimuuliza swali moja, na swali hilo halikuwa na jibu ndani ya kiwanda. Mpunga huu unaliwa na nani? Mwaka ambao mafuta hayatafika, utafanya nini? Siku moja alimuuliza, "Maji yanatoka wapi?"

"Kwenye mfereji, Mzee."

"Na mferejini?"

"Mtoni."

"Na yakipita kwetu yanakwenda kwa nani?"

Miaka kumi na tisa, na Kalinga hakuwahi kuyafuata maji yakishatoka kwake.

Akayafuata. Alitembea siku nzima, viatu mkononi, mpaka mahali ambapo mfereji ulikufa na mbuga ikaanza, na hapo akakuta mji wa mzee aliyeitwa Budeba. Jina alilijua. Mara ngapi alikuwa ametuma walinzi wakaifukuze mifugo ya Budeba kwenye majaruba! Sura yake hakuwahi kuiona. Alikuwa mzee mrefu, mwenye jicho moja lenye ukungu, na alimkaribisha kwenye kigoda kana kwamba hakuna mlinzi aliyewahi kufika pale.

"Mwadila," alimsalimu. Mkewe, Kashindye, akaleta maziwa mgando kwenye kibuyu.

Kalinga alieleza kwamba amekuja kuuliza habari za maji. Budeba alicheka kidogo, akamchukua hadi ukingoni mwa mbuga.

"Mwaka tuliofika, ng'ombe akisimama hapa mwezi wa tisa, maji yanamgusa tumbo. Baadaye yakawa ya magoti. Mwaka jana yalikuwa ya kwato. Sijui kusoma, bwana, lakini ng'ombe wangu nawajua urefu."

Tangu siku hiyo Kalinga alikwenda kila Ijumaa. Alichomeka mti wenye alama kwenye kila lango la maji, akaandika. Alitafuta madaftari ya zamani ya mvua, akakaa nayo kama padri na misale yake. Alichota udongo wa majaruba ya mwisho, akauona ukifanya weupe unapokauka, na akajua kwamba ni chumvi. Polepole, bila kujua siku wala saa, alianza kuiona nchi ile nzima kwa mara moja: mto, mfereji, kiwanda, mbuga, watu wa juu na watu wa chini, wote wakinywa kwenye kikombe kimoja kilichokuwa kikipungua. Kiwanda alichokipenda kikawa kitu kidogo upande mmoja wa picha. Ilimtisha. Pia ilimpa furaha ambayo hakuwa ameionja tangu ujana, furaha ya mtu aliyepanda ngazi akakuta kumbe nyumba ina madirisha.

Asukile aliligundua jambo hilo kabla hajaambiwa. Asubuhi moja hakuuliza swali. Alimsukumia Kalinga kikombe cha chai, akasema, "Sasa andika."

Aliandika kurasa thelathini na moja. Alieleza kwamba Shamba la Tatu likilimwa, maji hayatafika hata nusu yake. Kwamba ndani ya miaka mitano majaruba ya chini yatakuwa chumvi tupu na ya juu yatakuwa yanagombaniwa. Kwamba wafugaji wakiondolewa watahamishia njaa yao mahali pengine. Alipendekeza shamba lisilimwe, mifereji ya zamani ikarabatiwe, na maji ya mwezi wa tisa yaachiwe mbuga. Asukile alisoma yote kwa siku mbili. Hakurekebisha ila nukta. Ijumaa hiyo Kalinga alimweleza Budeba alichokiandika.

Kikao kilifanyika Mbeya, Novemba mwaka uliofuata, kwenye ukumbi wenye dirisha linalotazama mlima. Wakubwa watano walitoka Dar es Salaam. Kalinga alizungumza saa nzima. Hakuna aliyesinzia. Mkurugenzi wa Mipango, mtu mpole mwenye sauti ya chini, alikuwa akiandika tangu mwanzo hadi mwisho, na Kalinga alipoketi, mkurugenzi yule akavua miwani.

"Ndugu Kalinga, nimehudhuria vikao vingi. Sijasikia kazi kama hii. Tulipoanzisha mpango huu wengine walituambia kwamba meneja wa miaka hamsini hafundishiki. Leo nina jibu."

Wenzake wakapiga makofi. Kalinga aliinamisha kichwa.

"Ndugu Mwaipopo anastaafu wiki hii," mkurugenzi akaendelea. "Tulikuwa tunatafuta mtu wa kulisimamia Shamba la Tatu ambaye anazijua hatari zake zote. Tumempata. Hongera."

Kalinga alidhani hakusikia vizuri. "Ndugu Mkurugenzi, nimependekeza shamba lisilimwe."

"Nimesoma. Ni angalizo zuri, na litawekwa kwenye kumbukumbu. Lakini matingatinga yako bandarini, ndugu yangu. Mkataba ulisainiwa mwaka juzi. Taifa linahitaji chakula. Usianze kazi kwa kuogopa."

Alisema kwa upole kabisa, kama daktari. Kalinga alimtazama Asukile aliyeketi mwisho wa meza. Asukile alikuwa akikunja leso yake, akiikunjua, akiikunja.

Walipotoka walishuka pamoja kuelekea stendi, upepo wa mlimani ukiwapiga usoni.

"Ulijua," Kalinga alisema.

"Nilijua mkataba umesainiwa."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu kabla ya siku ya kwanza."

"Sasa ulikuwa unanifundisha nini, Mzee? Mwaka mzima na nusu! Ungeniacha na beringi zangu."

Asukile alisimama, akakohoa, akapangusa mdomo. Kwa mara ya kwanza Kalinga aliona jinsi alivyokonda. "Niliambiwa nikufundishe kuona mbali. Nikakufundisha. Mtu akishaona afanyeje, hilo mimi mwenyewe sikuwahi kufundishwa." Akapanda basi la Tukuyu, kwao, bila kuaga vizuri. Hiyo ilikuwa mara yao ya mwisho kuzungumza.

Kalinga alikwenda Iringa, nyumbani, akakaa siku nne. Mkewe Severina alikuwa mwalimu, mtu wa maneno machache. Alimsikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikipepeta mchele.

"Ukikataa?"

"Watamweka mwingine. Mwingine hatakuwa anajua lolote. Mimi angalau nitapunguza makali."

Severina aliendelea kupepeta. "Yule aliyemhamisha mama, naye alisema hivyo?"

Mwaka 1974 watu wa vilimani walipoteremshwa kwenye vijiji vya ujamaa wakapangwa mstari kwenye barabara ya Idodi, mama yake Kalinga alikuwa mmoja wao. Hakuna mtu mbaya aliyekuja kumtoa. Kalinga mwenyewe ndiye aliyeomba lori la shirika limbebe, akajipongeza kwamba mama yake hakutwikwa mzigo kichwani. Walimjengea nyumba ya miti mibichi. Kila jioni alikaa mlangoni, uso ukielekea kilimani, na mtu akimsalimu "kamwene" aliitika huku bado anatazama kule kule. Hakuzimaliza mvua za mwaka ule. Kalinga alikuwa ameamini kwamba ni uzee.

Siku ya tano akarudi Usangu, akaingia ofisi ya Meneja Mkuu. Funguo za stoo ya vipuri zilikuwa mezani. Kwa wiki sita aliandika barua makao makuu: aliomba muda, aliomba mtaalamu wa udongo, aliomba hata theluthi moja ya mbuga iachwe. Majibu yalikuja kwa heshima, yakimshukuru kwa uangalifu wake. Barua ya saba haikujibiwa. Matingatinga yalipofika, marefu, ya njano, yakiwa bado na vumbi la barabara kuu, alisaini ilani ya kuwaondoa wafugaji. Aliona kwamba hawezi kumtuma mlinzi. Akaipeleka mwenyewe.

Budeba aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaigeuza, akairudisha. "Nisomee."

Kalinga akasoma. Siku ishirini na moja. Sauti yake haikutetemeka, na jambo hilo lilimchoma baadaye kuliko kama ingetetemeka.

Mzee yule hakukasirika. Aligeuza uso, jicho lenye ukungu likielekea mbugani. "Umekuja hapa Ijumaa nyingi," alisema mwishowe. "Umeniuliza juu ya maji mpaka nikachoka. Nilidhani unauliza kwa sababu unataka kujua."

"Nilitaka kujua, Mzee Budeba."

"Na umejua?"

"Nimejua."

"Haya." Budeba akasimama, akaenda kuhesabu ndama wake.

Siku ya ishirini Kalinga alirudi, kwa Land Rover ya shirika iliyoendeshwa na Filemoni, dereva mtu mzima, Mbena asiyeuliza maswali. Hakujua amefuata nini. Mji ulikuwa umekwisha kubomolewa. Mikokoteni miwili ilikuwa imepakiwa vyungu, ngozi na mawe ya kusagia, na ng'ombe walikuwa wametangulia kuelekea magharibi. Watu walisema Rukwa bado kuna nyasi. Budeba alikuwa mbele na mifugo, vumbi tu likionekana. Kashindye ndiye aliyekuwa akifunga kamba ya mkokoteni wa mwisho.

Kalinga alimsogelea, akashika upande wa pili wa kamba. Walivuta pamoja. Fundo liliposhika, mama yule alijipangusa mikono kwenye kanga.

"Mzee alinieleza ulichokiandika," alisema. "Kwamba maji hayatatosha."

"Ndiyo, mama."

"Sisi tunakwenda Rukwa. Yakiisha shambani kwenu, ninyi mtahamia wapi?"

Hapakuwa na kejeli usoni mwake. Aliuliza kama jirani anavyomuuliza jirani. Kurasa thelathini na moja Kalinga alizijua kwa moyo, na hakuna hata moja iliyokuwa na jibu hilo. Kashindye alingoja kadiri adabu inavyotaka, kisha akawapigia ng'ombe wa mkokoteni mluzi, na magurudumu yakaanza kusaga udongo.

Kalinga alisimama mpaka magurudumu hayakusikika tena. Nyuma yake, upande wa mfereji, tingatinga la kwanza lilikuwa limewashwa. Aliporudi kwenye gari alimkuta Filemoni amefungua kitabu cha safari juu ya usukani, kalamu mkononi, kama sheria ilivyotaka.

"Niandike tumekuja kwa shughuli gani, Bwana Meneja?"

Kalinga alipanda, akafunga mlango.

"Andika kutembelea majirani."

Filemoni aliinua macho, akaitazama mbuga yote, tupu mwisho hadi mwisho. Kisha akaandika.