Amina ya Profesa Zilberfarb

Kiharusi kilimwachia Profesa Anshel Zilberfarb miguu na akili yake yote, kikachukua maneno. Mtu aliyejaza rafu kwa vitabu kuhusu sala, akajulikana na Wayahudi wa Montreal kwa ulimi usiolala, sasa akitaka chai alisema "dirisha".

Kwao, aliyeponea chupuchupu huitwa mbele ya Taurati siku ya Sabato, akamshukuru Mungu kwa mdomo wake, jamaa wote wakisikia. Sabato zikaja, zikapita. Anshel hakutoka nyumbani. Getzel, mwoka mikate aliyesoma naye maandiko tangu ujana, akamfuata hukohuko.

"We Anshel! Miaka yote umetuchosha kwa maneno, Mungu katupumzisha kidogo tu, unanuna?"

"Getzel, adabu! Mgonjwa huyo," alisema Perla, mke wa Anshel.

"Mgonjwa gani? Kapona. Ndiyo kesi yenyewe!" Akamgeukia rafiki yake. "Sheria unaijua kunishinda. Mwingine anatamka baraka ya shukrani, wewe unaitikia Amina, basi, umeshukuru."

Anshel alitikisa kichwa, akagonga kitabu chake mwenyewe kilichokuwa mezani. Humo aliandika kwamba mshenga anaweza kukuposea mke, lakini hakuna mshenga wa kukushukuria. Alikuwa ameitetea hoja hiyo mbele ya wanazuoni wakubwa. Leo aile tu kama matapishi?

"Najua ulichoandika," Getzel alisema. "Nilikwambia umekosea, ukaniambia nirudi kwenye tanuri langu."

Perla akaleta koti. "Vaa. Nimechoka kuishi na mtu anayetaka kumshukuru Mungu, ila anangoja kwanza awe fasaha."

Alivaa. Nani angebishana na Perla, hata mwenye maneno?

Katika sinagogi jina lake likaitwa. Alipanda, akashika ukingo wa meza, akafungua mdomo. Baraka ilikuwa kichwani nzima, herufi kwa herufi.

"Dirisha," alisema.

Hakuna aliyecheka. Jasho lilimtoka Anshel, licha ya theluji iliyokuwa nje. Getzel akasogea, akaanza baraka. Anshel akabana midomo, ameazimia kutoitikia. Asiyeweza kushukuru mwenyewe na anyamaze, ndivyo alivyowaza.

"Umehimidiwa, Bwana Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu, uliyeturudishia…"

Getzel alikwama. Mabega makubwa yale yalitikisika, machozi yakaingia ndevuni. Akajaribu tena, "uliyeturudishia huyu," sauti ikakatika.

Anshel alimtazama kwa mshangao. Mtu aliyetumwa halii hivi. Getzel hakuwa amebeba shukrani ya mtu mwingine. Alikuwa akitoa yake. Basi wakati yeye amejifungia na kiburi chake, mwoka mikate huyu alikuwa akiomba arudishiwe rafiki wa kubishana naye. Na sasa amesimama pale, macho mekundu, baraka yake ikining'inia.

Moyo wa Anshel ukajaa hadi ukauma. Ashukuriwe Mungu kwa miguu, kwa Perla, kwa mpumbavu huyu mpendwa.

"Amina," alisema.

Lilitoka limepinda upande, lakini lilikuwa neno lenyewe. Juu roshanini kwa wanawake Perla akapiga kelele, na sinagogi zima likaitikia kwa kishindo. Mzee wa ibada akamwita anayefuata. Akamwita tena. Anshel hakushuka, alikuwa amemkumbatia Getzel, akisema Amina, Amina, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia inatosha.