Majina ya Wanaotaka Crown

"Mwaka jana Singida mliuza Crown nne tu. Huko soko hakuna."

Ndivyo alivyoniandikia bosi wangu, Bwana Nathanaeli, asubuhi ya Jumatatu, hata salamu hakuweka. Nilisoma ujumbe huo nikiwa katikati ya yadi yetu hapa Utemini, ufagio mkononi, damu ikanichemka mpaka masikioni. Nne tu! Alitaka niuze ngapi, wakati alileta nne?

Mimi naitwa Febronia Mughwai. Nilikuwa nasimamia tawi la Singida la kampuni yake ya kuuza magari yaliyotumika, mwaka wa sita huo. Mwenyewe alikaa Dar es Salaam na kutuletea anachoona kinatufaa: vigari vya kubebea mizigo, basi dogo moja moja, na gari za bei ya chini za walimu. Crown ni kitu kingine. Ni gari la chini, viti vya ngozi, kioo cha juu kinafunguka, na ukikanyaga mafuta kiti kinakusukuma mgongoni. Hizo nne zilikuja Machi ya mwaka jana. Ya kwanza haikugusa ardhi; mwenye mashimo ya dhahabu kule Sekenke aliinunua ikiwa bado juu ya lori. Mbili ziliondoka kabla ya Ijumaa. Ya nne, wanaume wawili wazima waliigombania mbele yangu mpaka mmoja akavua saa.

Baada ya hapo, kila wiki mtu alikuja kuuliza Crown nami nikajibu hakuna. Miezi tisa ya kusema hakuna. Hao hakuna aliyewaandika popote.

Nilimpigia simu, tukabishana, na wiki iliyofuata akaja mwenyewe na kompyuta yake ndogo. Akaketi kwenye kiti changu bila kukaribishwa.

"Febronia, takwimu hazidanganyi," alisema. "Dodoma wameuza arobaini. Wewe nne. Kizuri chajiuza."

"Kinajiuza kikiwepo, bosi. Mama lishe akipika sahani nne, zikaisha saa nne asubuhi, utasema mji mzima una wateja wanne?"

"Sasa wewe unafikiri wako wangapi?"

"Wengi."

"Wengi si namba."

Hapo alinipata, na alijua. Akafunga kompyuta. Akaniambia kwamba pango la yadi linaisha mwezi wa saba. Nikimwonyesha watu arobaini wanaotaka Crown, ataleta kumi na mbili kwa mpigo, wakati watu wameuza alizeti, na tawi litabaki. Nisipowapata, anafunga Singida na mimi naenda nyumbani.

"Na watoe kishika uchumba," akaongeza. "Hata laki mbili kila mmoja."

Nikacheka kwa hasira. Mtu wa huku hatoi hela kwa kitu ambacho hajakishika. Hata mnadani, ng'ombe halipiwi mpaka umempapasa mgongo na kumtazama meno. Nikamwambia hivyo, tena kwa majivuno: "Bosi, huku kwetu mtu akiandika jina lake, amejitoa yeye mzima. Jina linatosha."

Akabeba kompyuta yake. "Haya," alisema. "Jina litatosha. Lakini ni neno lako."

Nilinunua daftari kubwa siku hiyohiyo. Wa kwanza alikuwa Gasto, mchimbaji wa Sekenke, aliyekuja na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. "Dada, mimi naitaka tangu jana," alisema, akaandika jina na namba mbili za simu. Nikapanda gari mpaka Ihanja kwa Laurian, mwenye mashine ya kukamua alizeti. Yeye aliuliza maswali nusu saa, Crown inakula mafuta kiasi gani, ikikwaruza chini spea zinapatikana wapi, kisha naye akaandika. Nikawapigia wote niliokumbuka kuwa waliwahi kuuliza. Wengine walikuwa wameshanunua Dodoma, na hilo liliniuma zaidi, maana wateja wetu walihesabiwa kuwa wa Dodoma. Wiki tatu zikapita. Nilikuwa na majina kumi na moja.

Jumamosi nilikwenda kwenye sala ya jumuiya ya kanisa mtaani nikiwa nimevimba. Siku hiyo tulisali kwa Mama Marietha, mwenyekiti wetu, mjane wa miaka sitini na ushee anayelima vitunguu na kufuga kuku. Tulipomaliza akanivutia kiti.

"Febronia mwanangu, leo umesali kama unayegombana na Mungu. Kuna nini?"

Nikafunguka. Niliwaeleza wote, watu kama thelathini na kitu, jinsi mtu mmoja anavyotuletea magari manne kisha anasema hatujui kutaka. Eti Singida ni watu wa mkokoteni. (Hilo Nathanaeli hakulisema, nililiongeza kwa uchungu.) Nikawaambia kwamba bila majina arobaini, nafukuzwa.

"Daftari liko wapi?" Mama Marietha aliuliza.

Nikalitoa. Akavaa miwani, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, taratibu, kisha akampa aliyekaa karibu naye. Daftari likazunguka chumba kizima. Huyu akampa yule kalamu, huyu akaomba aandikiwe.

Na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nilisimama pale nikatazama mwanamke mwenye baiskeli moja akijiandikisha kununua Crown, nikajiambia: mwanawe si yuko Mwanza, ana kazi nzuri? Na huyu si kauza shamba? Na yule si ana shemeji mgodini? Kila jina nililitafutia pesa. Lilipokuwa gumu kabisa, nilisema moyoni kwamba watu wa huku hufukia mali chini ya kitanda. Daftari lilirudi lina majina arobaini na matatu. Nikalipiga picha na kumtumia Nathanaeli, nami sikuweka salamu.

Magari yalikuja wiki ya kwanza ya mwezi wa sita, kumi na mbili, meupe, meusi na moja la rangi ya kijivu. Niliyaosha mwenyewe. Watu walijaa kwenye uzio kupiga picha, na mimi nikatembea kati yake kifua mbele. Gasto alikuja siku hiyohiyo akaondoka na jeusi, akiunguruma hadi barabara kuu. Laurian alilala juu ya boksi, akachungulia chini, akapima kwa kiganja nafasi kati ya gari na ardhi, akaguna, lakini akanunua. Hadi Ijumaa yalikuwa yametoka matano.

Kisha kimya. Wiki ya pili, kimya. Nilipiga simu kwa mpangilio wa daftari. Sita wa mwanzoni, wale wa kwangu mwenyewe, walisema wanasubiri bei ishuke, maana siku hizi yapo mengi. Waliobaki walinijibu kwa upole uliokuwa unanitia kichaa. "Tutaona, mama." "Hongera kwa magari, tumeyasikia." Mmoja aliniuliza kama nimeshakula.

Magari saba yalibaki yakishika vumbi, na hasira zangu hazikuwa na pa kwenda. Nikaenda kwa Mama Marietha. Alikuwa nje anakata majani ya vitunguu.

"Shikamoo," nilisema, kwa sauti ya kutukana.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Sikai. Mama, uliandika jina lako. Wote mliandika. Sasa mnataka magari au hamtaki?"

Akaweka kisu chini. "Gari gani?"

"Crown! Mlizojiandikishia!"

"Mimi? Hata baiskeli nashuka kwenye mteremko."

"Kwa hiyo ninyi ni waongo."

Hakukasirika, na hilo lilinikera kuliko kama angenizaba kibao. "Febronia, hukutuuliza nani anataka gari," alisema. "Ulituambia utafukuzwa yakikosekana majina. Tukakupa majina. Ungetaka kuku, tungekupa kuku."

"Mmeniharibia! Mmenifanya niwe mwongo! Bora mngekaa na majina yenu!"

Niliondoka bila kuaga. Tangu nizaliwe sijawahi kumwacha mtu mzima hivyo.

Nathanaeli alifika siku tatu baadaye na lori la kuyarudisha magari Dodoma, ambako, alisema, watu wanajua wanachotaka. Alipitia daftari langu ukurasa kwa ukurasa, akitia alama nyekundu.

"Ulisema soko ni kubwa, tatizo naleta machache. Nimeleta mengi. Umeuza ngapi?"

"Matano."

"Mwaka jana manne."

"Matano si manne," nilijibu, na hata mimi nilisikia jinsi lilivyokuwa jibu dogo.

Nataka niseme hapa, kwa sababu bado linanichoma: hakuwa sahihi. Kuleta manne na kuuza manne hakukumwambia chochote. Angeweza kuwa amekosea kwa mia. Alikosea kwa moja, basi, kwa bahati. Kuna waliokwenda Dodoma kwa sababu yake, na kuna waliotaka gari mradi liwe adimu, likazoeleka wakapoa. Lakini mimi nilikosea kwa thelathini na nane, nikiwa na daftari mkononi, na hakuna bahati ya kunifichia.

Kidole chake kikasimama kwenye herufi kubwa. "Huyu Marietha ndiye nani? Ana biashara gani?"

"Analima vitunguu."

Akacheka. "Vitunguu! Febronia, watu wako ni waongo. Matapeli wa vijijini."

Lilikuwa neno langu mwenyewe, nililomtupia mama yule siku tatu zilizopita, na likitoka kinywani mwake sikuweza kulivumilia. Nilipiga meza mpaka kalamu yake ikaruka.

"Usiwaite waongo! Uliniambia ni neno langu, basi kosa ni langu. Hao walisikia mwenzao anafukuzwa, wakatoa walichokuwa nacho. Wewe una kampuni nzima. Ni nani umewahi kumwandikia jina lako?"

Aliiokota kalamu yake. Kisha akanyoosha mkono. "Funguo. Na daftari libaki, ni mali ya ofisi."

Nilimpa funguo zote. Daftari nililishika kifuani. "Hili nilinunua kwa hela yangu," nilisema, nikatoka. Nyuma yangu walikuwa tayari wanapandisha gari la kijivu kwenye lori.

Nilitembea kwa miguu hadi kwa Mama Marietha, jua likiwa utosini. Njiani nilipanga maneno ya kuomba radhi, ya heshima, marefu. Nilipofika alikuwa palepale nje, na wanawake wawili wa jumuiya wakimsaidia kufunga vitunguu kwenye magunia. Waliacha kazi waliponiona.

"Shikamoo, mama," nilisema, na maneno yote niliyopanga yakapotea. Nilisimama tu na daftari langu kama mtoto aliyefukuzwa shule.

"Marahaba." Alinitazama usoni, kisha miguuni, viatu vyangu vya ofisini vimejaa vumbi. "Wamekufukuza?"

"Wamenifukuza."

Aliinuka ghafla, magoti yakalia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikaona amekasirika kwelikweli. Akanivuta mkono akanikalisha juu ya gunia, akageukia wenzake.

"Si niliwaambia?" alifoka. "Niliwaambia yale majina ni machache! Tungeandika na ya wajukuu."