Madame Wetu Anaitwa Nani

Somo la mwisho alilofundisha Suzanne kabla ya kwenda kusoma Uvira halikuwemo katika mtaala wowote. Alisimama mbele ya darasa la tatu, pale Lweba, watoto wamebanana juu ya matofali na vipande vya mbao, akamshika bega msichana aliyekuwa pembeni yake. Msichana huyo aliitwa Arlette, mdogo wa mke wa mkuu wa shule, na alikuwa amemaliza sekondari juzijuzi tu.

"Mugeni akikuya hapa akiuliza madame yenu anaitwa nani, mutajibu aje?"

Watoto walitazamana. Gentille, binti wa safu ya mbele asiyejua kunyamaza, akasema madame ni Suzanne na huyu ni Arlette. Suzanne akatikisa kichwa. Akaeleza tena polepole, kama alivyozoea kueleza hesabu za kutoa, kwamba kuanzia leo huyu ndiye Madame Suzanne. Wakarudia kwa pamoja mpaka wakashika. Waliojibu nusu aliwasahihisha, kwani hakupenda jibu lisilo kamili. Isidore, mkuu wa shule, alikuwa mlangoni akichekelea. Suzanne aliona haya, akaimeza.

Angefanyaje? Alitaka shahada ya masta, ili siku moja afundishe walimu chuoni badala ya kumeza vumbi la chaki mpaka uzeeni. Lakini mshahara wa mwalimu ukishanunua mihogo na mafuta ya mawese unakuwa umeaga dunia, na serikali haitaki kusikia habari za karo. Zamu yake ya likelemba, ule mchezo wa walimu kuchangiana kila mwezi, ilikwisha kuliwa na msiba wa baba yake. Kanisa lilimwombea. Sala ilikuwa nzuri, karo ikabaki palepale.

Ndipo Isidore alipomwita ofisini na kufunga mlango.

"Jina yako itabakia ku liste ya mushahara. Arlette atafundisha pa fasi yako. Mushahara ikitoka, nusu inakufata Uvira, nusu inabakia huku ku bureau."

"Na inspecteur akikuya kukagua?"

"Ndiyo maana utafundisha batoto kujibu mbele ya kwenda. Na kadi yako ya kazi uniachie, juu Arlette apokee mushahara kwa jina yako."

Suzanne aliuliza Arlette mwenyewe atapata nini. Isidore alijibu kwamba Arlette anakula kwake, inatosha. Kadi ikabaki mezani. Wala usimwone mjinga. Shule nyingi za ukanda ule zilikuwa na mwalimu aliyekuwa masomoni huku mtu mwingine akiitika jina lake. Wote walijua, na wote walisalimiana vizuri.

Mwanzoni nusu yake ilifika kwa simu bila kuchelewa. Baadaye ikaanza kupungua, kisha ikakatika. Isidore akawa anasema serikali imekwama, ingawa walimu wa mji wa Baraka aliosoma nao Uvira walikuwa wamelipwa, wakaenda kununua viatu. Mwishowe hakupokea tena simu. Chuo nacho kikatangaza kwamba asiyelipa hataingia kwenye mtihani. Suzanne akauza godoro lake, akapanda pikipiki kurudi.

Walipopita Mboko, mwenye pikipiki akamuuliza anashuka wapi. Aliposikia Lweba alifurahi, akasema mdogo wake anasoma kule, kwa Madame Suzanne. Ni madame mwembamba, mpole, hata kanisani sasa wanamwita hivyo. Njia nzima Suzanne alitazama ziwa lililo kando ya barabara bila kuliona.

Gari la mkaguzi lilikuwa limeegeshwa uwanjani. Isidore alimwona Suzanne kabla hajafika mlangoni, akaja kumzuia kando ya ukuta. Hakupandisha sauti.

"Umekuya kufanya nini, Madame?"

"Kuchukua kadi yangu. Minarudia kazi."

"Kazi gani? Madame Suzanne iko mule ndani anafundisha. Kama unaingia kusema ni we, utaambia inspecteur ulikuwa wapi miezi yote ile. Utamwambia na nani alifundisha batoto kudanganya. Mi nitasema sikujua."

Suzanne alimpita, akasogea kwenye dirisha lisilo na kioo. Alijiambia kwamba watoto watamwona na kusema yeye ni nani, kwani mtoto hajui kuficha. Arlette alikuwa ubaoni amevaa kitenge kipya. Mkaguzi, mzee mwenye jasho, alikuwa amekaa kwenye kiti pekee cha darasa, na kadi ya Suzanne alikuwa nayo mkononi.

"Madame yenu anaitwa nani?" akauliza.

Gentille akageuka, akaona uso dirishani. Akatabasamu hadi mapengo yakaonekana. Suzanne alishika ukuta kwa mikono miwili. Mtoto akasimama wima, akanyoosha kidole kwa Arlette.

"Madame yetu anaitwa Madame Suzanne."

Darasa zima likamfuata kwa sauti moja, jibu kamili, hakuna aliyekosea. Mkaguzi akacheka kwa kuridhika, akasema hawa wamefundishwa vizuri, akaandika.

Gentille alikuwa bado amesimama. Alimtazama Suzanne pale dirishani, akingoja aambiwe, kama zamani, kwamba amejibu sawasawa.