Doti Moja, Wanawake Wawili

Bi Mardhiya aliingia ukumbini, pale Wembley, kwenye hafla ya kuwakumbuka waliopinga ubaguzi, na sinia lake la sambusa, akaiona picha ukutani, nyongo ikampanda. Pichani yumo mwanamke aliyejitanda kanga, mgongo kwa mpiga picha, amenyanyua bango nje ya ubalozi wa Makaburu, zama zile mtu mweusi wa Afrika Kusini hana ruhusa hata ya kuchagua mtaa wa kulala. Chini pameandikwa: Bi Zahra. Na aliyeandika ni Najla, binti yake wa kumzaa.

Zahra tena! Tangu mtoto huyu ajue kusema, ni anti Zahra hivi, anti Zahra vile. Anti Zahra alikamatwa kwa ajili ya haki za watu. Na mama? Mama ni wa kupika na kuuliza umekula. Hayo yote Bi Mardhiya alikwishayameza. Lakini mgongo wake mwenyewe nao apewe Zahra?

Kosa lilikuwa na sababu yake. Miaka ile, wangali wageni London, wawili hao walinunua doti moja ya kanga wakaikata, kila mmoja akachukua upande wake, kama wafanyavyo mashoga wa Unguja, wanawake walioshibana. Ukiwatazama kwa nyuma huwajui nani ni nani.

"Mama, kwani kuna tofauti gani? Nyote mlikuwepo," Najla alimjibu kwa Kiingereza chake cha siku zote, mama yake alipomlalamikia lile jina.

"Tofauti ni kwamba huyu ni mimi."

Najla akaenda zake kupanga viti. Basi ukumbi ulipojaa, binti akashika kipaza sauti kumwita Bi Zahra mbele, mama mtu akasimama.

"Huyo si Zahra. Tazameni bango limeshikwa kwa mkono gani. Mimi natumia shoto, na marehemu mama alinichapa niache mpaka akachoka."

Watu wakacheka. Bi Zahra, aliyekaa safu ya mbele, akaikazia macho picha. "Kweli, ni Mardhiya," alisema.

Najla akafuta jina, akaandika la mama yake. Kisha akamtazama kwa yale macho aliyokuwa akimtazamia anti Zahra. Bi Mardhiya alijisikia raha mpaka miguuni.

Hapo akainuka mgeni wa heshima, Bi Nomsa wa Soweto, aliyewahi kuishi London ukimbizini. Alikuja na mkongojo wake, akamkumbatia Bi Mardhiya mbele ya watu wote.

"Kumbe ni wewe mwenye kanga hii! Siku tuliyokamatwa, nguo yangu ilichanika kwenye vurumai, kifua wazi. Ukavua kanga yako ukanisitiri, wewe ukapanda gari la polisi kichwa wazi mbele ya wanaume. Nilijua kwenu hilo si jambo dogo."

Siku ile Bi Mardhiya aliondoka mapema. Polisi walipofika alikuwa kesha kwenda kazini. Akamtafuta Zahra kwa macho. Zahra ameinamia viatu vyake, kimya. Miaka yote hiyo hakumwambia hata shoga yake. Mwanamke huyu, hata kwa kunyamaza anamshinda!

"Mama, hukuniambia," Najla alisema, machozi yakimtoka, akaushika mkono wa mama yake akaubana. Lini mara ya mwisho mtoto huyu alimshika mkono? Angenyamaza tu, basi. Zahra asingesema neno, hilo lilikuwa wazi.

"Si mimi," alisema, na kila neno lilimuuma. "Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Aliyevua kanga ni yule pale."

Bi Nomsa akageuka. Najla akauachia mkono, akampita mama yake, akaenda kupiga magoti mbele ya Bi Zahra, na ukumbi mzima ukamfuata kwa macho. Bi Mardhiya akabaki ukutani na picha yake. Jina lake lilikuwapo pale chini, limeandikwa vizuri, na hapakuwa na mtu wa kulisoma.