Aliyeketi Mlangoni

Kituo chetu si cha serikali wala cha chama. Kinachunguza jinsi watu wanavyotawaliwa: kama ofisi ya kata inawasikiliza, kama zahanati ina dawa, kama fomu inasainiwa bila mtu kuzungushwa. Mimi nilikuwa napika chai na kufuta meza. Mwaka mzima maneno yangu pale yalikuwa mawili, shikamoo na chai tayari, ndiyo maana wakaniita Kimya.

Aliyeongoza utafiti wa utawala alikuwa mama mmoja mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Tulimwita Mama Swali, maana ukimuuliza kitu naye anakuuliza. Alikuwa na desturi yake. Ripoti haiendi kwa mchapaji mpaka muhtasari wake usomwe kwa sauti mbele ya mtu ambaye hakushiriki kuiandika. Dereva alishasomewa, mlinzi pia. Alisema mlinzi asipoelewa, basi hata sisi hatujaelewa, tumejificha tu nyuma ya maneno.

Safari ile ikawa zamu yangu.

Aliniketisha kwenye kiti chake, yeye akasimama. Kijana aliyesimamia ukusanyaji wa majibu, tuliyemwita Asilimia, alikaa dirishani na kikombe chake. Ripoti ile waliihangaikia miaka miwili, na wageni walishaalikwa kuja kuipokea wiki iliyofuata. Mama Swali alikuwa anastaafu mwezi uleule. Ikichelewa, ingetoka yeye akiwa hayupo, chini ya jina la mwingine.

"Usipoelewa, inua mkono," akaniambia. "Usione haya, mwanangu."

Alisoma polepole. Akafika pale paliposema watu tisa kati ya kumi wa vijijini wameridhika na ofisi zao za kata. Nikaitazama mikono yangu. Kisha nikauona mmoja umeinuka, kama si wangu.

Asilimia akacheka, akauliza tangu lini birika likawa na maswali. Mama Swali akamtazama tu juu ya miwani, naye akarudi kwenye kikombe chake.

"Umekwama wapi?"

"Sijakwama, mama. Nimeelewa." Sauti yangu ilikuwa ya mtu aliyejifunika blanketi. "Ila bibi yangu ni mmoja wa hao tisa."

Nikaeleza. Nilikuwa likizo kwa bibi siku watafiti walipofika na dodoso lao. Bibi ana mdomo. Amekwenda kata mara saba kufuatilia hati ya shamba lake, na kila akirudi anamsema karani mpaka kuku wanakimbia. Lakini siku hiyo kila swali alilijibu tunashukuru, tunashukuru. Aliyewaongoza watafiti nyumba kwa nyumba alikuwa tarishi wa kata, naye aliketi mlangoni kwenye kigoda mpaka swali la mwisho. Hakusema neno. Alikuwa anajipepea kwa kofia tu.

Mama Swali akamgeukia kijana. Asilimia akajitetea kwamba utaratibu ni kuripoti ofisini kwanza, na ofisi ndiyo ikawapa wa kuwaonyesha njia, mtu mpole, kumfukuza kungekuwa utovu wa adabu. Kisha akaweka kikombe chini.

"Kila kata walitupatia mtu," akasema taratibu.

Nilitamani sakafu inimeze. Nilijiona nimeimwaga kazi ya watu kama maji ya kudekia. Mama Swali alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni kwa muda mrefu, ingawa vioo vilikuwa safi.

"Wewe ungefanyaje?" akaniuliza.

Hakuna mtu mwenye ofisi aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema ningerudi kumuuliza bibi akiwa peke yake.

Akachukua simu, akamwambia mchapaji asianze. Kisha akawapigia waalikwa, mmoja mmoja, akiwaomba radhi na kusema kosa ni lake: dodoso lilikuwa na maswali arobaini, na halikuwa na hata moja la kuuliza ni nani mwingine yuko karibu anasikiliza. Hakumtaja Asilimia. Kijana yule akasimama, akakusanya vikombe vyote, akaenda kuviosha mwenyewe. Aliviosha vibaya, lakini sikumwambia.

Kazi ikaanza upya. Mwezi ulipokwisha Mama Swali alikabidhi funguo za ofisi, na wiki moja baadaye akaja kunichukua twende kijijini. Alisema jina litakalokaa kwenye jalada halimnyimi usingizi, ila alitaka kumuuliza huyo bibi yeye mwenyewe.

Bibi alimpokea kwa tunashukuru ileile, huku akinitazama kama ananiuliza nimemletea nani. Nikamwambia ni mtu wangu. Nilikuwa nimeshavuta kigoda nikae karibu naye, Mama Swali akaniinamia sikioni.

"Na wewe nje, mwanangu. Aseme bila wa kumchunga."

Nikatoka na kigoda changu mpaka upande wa pili wa ua. Mlango ukafungwa. Mwanzoni sikusikia kitu. Kisha ikaja sauti ya bibi, chini chini, halafu ikapanda, ikapanda, na kuku wakaanza kukimbia.